Kuujenga upya mtaa wa mlimani Mwanza, fremu chini na vyumba juu, bila kuwatoa wenyewe: mwongozo kamili

Hii naiandika kwa watu wa mitaa ya milimani hapa Mwanza, Igogo, Mabatini, Kitangiri, Nyamanoro, na wale wa kando ya mto Mirongo, ambao kila mwaka wanasikia "hapa patajengwa" na hawajui waanzie wapi wala wamuulize nani. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa miaka kadhaa, nimepanda na kushuka zile njia za kwenye mawe na daftari kwapani, na nilichokiona ni kwamba mtaa kujengwa vizuri au vibaya kunaamuliwa mapema sana, hata mchanga haujamwagwa. Kunaamuliwa siku mnayoandika majina. Mkiandika wenye nyumba tu basi wapangaji mmeshawafukuza, hata kama hakuna aliyewaambia ondokeni.

Kuna mtaa mmoja, siutaji, alikuja mtu na mchoro wa rangi, ghorofa tano, maduka chini, miti imepangwa mstari, watoto wanaendesha baiskeli. Wenye nyumba wakafurahi na kwa kweli nani asingefurahi. Kwenye kikao akasimama mama mmoja muuza dagaa, amepanga chumba kimoja pale miaka kumi na kitu, akaenda hadi mbele akauangalia ule mchoro kwa karibu kabisa, akauliza, "Jamani, mimi hapa niko wapi?" Watu wakanyamaza. Haikupita miezi mingi akahamia Buhongwa, sasa kwenda mwaloni Kirumba kuchukua dagaa ni nauli ya kwenda na ya kurudi, wateja wake wa jioni wamebaki mlimani, na biashara ikafa. Huyo mama ndiye namfikiria kila ninapoandika hatua hizi.

Hatua ya 1: Hesabu milango, sio nyumba

Nunua kaunta buku na chaki. Tembeeni watu watatu, mjumbe, kijana mmoja na mama mmoja anayefahamika, mkiandika namba kwa chaki kwenye kila mlango, na mlango ni wa chumba, sio wa nyumba, kwa sababu nyumba moja ya mlimani unaweza kukuta vyumba nane na kila chumba ni kaya yake. Mnapofika mlangoni andikeni jina la anayeishi, yuko na wangapi, amepanga au ni kwake, analipa kodi kiasi gani na kwa miezi mingapi, anafanya kazi gani na anaifanyia wapi. Hiyo ya mwisho watu wanairuka na ndio ya muhimu kuliko zote, maana mama lishe anayepikia kibarazani, fundi cherehani aliyeweka mashine chini ya mwembe, mzee anayegonga kokoto nyuma ya nyumba, hawa hawana fremu ila wana biashara, na kama hamkuwaandika mchoro hautawajua.

Nendeni jioni au Jumapili. Ukienda saa nne asubuhi utakuta watoto na wagonjwa.

Mkimaliza yasomwe yote kwa sauti kwenye mkutano wa mtaa, jina kwa jina, hata kama itachukua saa tatu. Watu watasahihishana hapo hapo, "huyo alishahama," "yule mbona hamjamtaja." Halafu mpitishe tarehe ya mwisho, yaani atakayehamia baada ya siku hiyo hayumo kwenye orodha, maana habari ya ujenzi ikivuma kila mtu ataleta binamu yake. Muhtasari uandikwe, mwenyekiti na mtendaji wasaini, mhuri upigwe, nakala tatu, moja ikae mtaani, moja kata, moja kwa mtu mwingine kabisa mnayemwamini. Nasema tatu kwa sababu nimeshaona nakala moja "ikipotea" wiki ambayo ilihitajika.

Hatua ya 2: Jua umesimama juu ya ardhi ya namna gani

Kwanza ujue uende ofisi ipi. Tangu 2012 tuna halmashauri mbili, Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela. Igogo, Mabatini, Isamilo ni Jiji. Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro, Pasiansi ni Ilemela. Watu wanapoteza siku nzima kwa kupanga foleni kwenye ofisi isiyo yao.

Wengi wetu tuna karatasi ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti wa mtaa, basi. Hiyo inaonyesha ulinunua ila sio hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 imeweka njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi, haizidi miaka 5 na inaweza kuhuishwa. Ya pili ni urasimishaji, mtaa wote unapangwa na kupimwa jinsi ulivyo, njia zinatengwa, bikoni za kuonyesha mipaka zinawekwa, na mwisho kila mmoja anaomba hati yake ya muda mrefu. Ushauri wangu, kama mnataka kujenga upya kweli, msikimbilie kila mtu kupima kipande chake peke yake. Mkishapata hati arobaini za vipande vya hatua kumi kwa kumi na mbili, kuviunganisha tena ili mjenge jengo moja la maana ni kazi ya miaka. Ongeeni kwanza, mchoro wa mtaa uchorwe na afisa mipango miji wa halmashauri mkiwepo, halafu ndio mpime.

Na kuna mahali hapajengwi hata mkikubaliana wote. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na Mirongo ni mto jamani, japo kiangazi unaonekana mtaro. Pia chini ya yale majabali makubwa yanayoning'inia, na kwenye mikondo ambako maji ya mvua yanateremka kutoka juu, hapo msipaguse. Muulize mzee yeyote wa mtaa maji yalipita wapi mvua kubwa ya mwisho, atakuonyesha kwa kidole, na ukiangalia ukuta wa nyumba utaona mstari wa tope bado upo.

Sasa wale ambao milango yao iko ndani ya hizo mita 60 au chini ya jabali ndio wawe wa kwanza kupewa nafasi kwenye jengo jipya. Hilo liandikeni mapema kabla ugomvi haujaanza.

Hatua ya 3: Maji, maji taka na njia vije kabla ya ghorofa

Hapa ndio mlima wetu unatofautiana na tambarare. Unachimba shimo la choo futi tatu unagonga mwamba. Matokeo yake mashimo ni mafupi, yanajaa haraka, gari la kunyonya halifiki, na mvua ikinyesha kuna watu wanafungulia, yanashuka njiani wanakopita watoto wa shule hadi Mirongo hadi ziwani, ziwa hilo hilo tunalochotea maji ya mji mzima. Mkijenga vyumba 24 vipya bila kutatua hili mtakuwa mmeongeza uchafu kwa ghorofa.

Bahati nzuri dawa yake inajulikana na iko hapa hapa Mwanza, ule mfumo mdogo wa majitaka ambao MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, wameuweka kwenye baadhi ya milima yetu, mabomba membamba yanapita juu juu kwenye vichochoro na kati ya mawe, yanafunikwa, yanashuka kwa mteremko wenyewe mpaka kwenye bomba kubwa chini. Mlima ambao ni adui wa shimo la choo ni rafiki wa bomba, maji yanateremka bila pampu. Kwa hiyo barua ya kwanza ya kamati yenu, hata kabla ya kumtafuta mchoraji, iende MWAUWASA mkiuliza bomba kubwa la karibu liko wapi na mtaa wenu unaweza kuunganishwa vipi. Ambatanisheni ile orodha ya milango. Mtu wa ofisini akiona idadi ya kaya iliyopigwa mhuri anaongea na wewe tofauti na anavyoongea na mlalamikaji.

Njia ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara za mawe, zile mnazoziona kwenye milima yetu, zinatufaa kuliko lami kwa sababu mawe tunayo, mafundi wa kuyachonga tunao, na tairi linashika hata kwenye mteremko mkali. Ombeni angalau njia moja ya gari inayofika katikati ya mtaa, ya zimamoto, ya gari la kunyonya, ya kumpeleka mgonjwa Bugando. Nimewahi kushika kona moja ya blanketi tukimshusha mjamzito usiku, watu wanne na tochi za simu, kila hatua unatafuta jiwe kwa kidole cha mguu. Njia ya gari ingekuwepo angefika barabarani dakika tano.

Hatua ya 4: Fremu ngapi, vyumba vya aina gani

Kosa nililoliona sana ni kujenga fremu nyingi kwa sababu fremu inaleta kodi kubwa kwenye karatasi. Fremu isiyo na mteja inakaa imefungwa, mbele yake wanalala mbwa. Kabla hamjaamua idadi, kaeni siku tatu, moja katikati ya wiki, moja Jumamosi, moja mwisho wa mwezi, mhesabu watu wanaopita mahali fremu zitakapokuwa, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku, maana mlimani biashara ni jioni watu wakirudi. Halafu orodhesheni vitu ambavyo watu wanashuka mjini kuvinunua wakati vingeweza kuuzwa hapo. Kwetu ilikuwa duka la dawa, gesi, vifaa vya umeme, nyama. Saluni na duka la Mangi vilikuwepo tayari vya kutosha, kuongeza vingine ni kuwagombanisha majirani.

Sio kila biashara inataka fremu, hili mchoraji lazima aambiwe. Muuza dagaa na sangara anahitaji meza ya zege yenye mteremko kidogo, bomba la maji karibu na mfereji uliofunikwa, bati juu, taa. Mama lishe anahitaji jiko lenye dohani na mahali pa kuoshea vyombo. Hawa wakipewa kizimba cha bei ndogo pale pale upenuni mwa jengo watalipa kila siku bila kusumbua. Mkiwapa fremu ya laki kwa mwezi mmewaondoa. Tuliona kilichotokea 2021 machinga walipohamishwa nchi nzima, sehemu walizopelekwa penye njia ya wateja walikaa, sehemu ambazo wateja hawapiti wengi walirudi barabarani, sio kwa ukaidi, kwa njaa.

Vyumba sasa. Mpangaji wa mlimani analipia chumba kimoja, au chumba na sebule akijitahidi, kwa hiyo jengo lenye nyumba za vyumba vitatu na masta sio lake. Changanyeni, vingi viwe chumba na sebule chenye jiko na choo cha ndani kidogo, vichache vikubwa. Ghorofa tatu au nne zinatosha, zaidi ya hapo mnahitaji lifti na lifti ina bili na fundi. Na mlima una faida moja nzuri sana, mkikata jengo kufuata mteremko, fremu zinatazama njia ya chini, na ghorofa ya pili mlango wake unatokea moja kwa moja kwenye njia ya juu bila ngazi. Huko ndiko wapewe wazee na walemavu. Mwambieni mchoraji aje asimame saiti, asichorie ofisini kama vile Mwanza ni uwanja wa mpira.

Kama hela ni ndogo ipo njia ya nyumba inayokua. Chamazi, Dar es Salaam, familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga, zikanunua ardhi pamoja na kujenga nyumba za kuanzia ambazo msingi wake unaruhusu kuongeza vyumba baadaye. Kwetu msingi ndio gharama kubwa, mawe na ukuta wa kuzuia udongo, kwa hiyo jengeni msingi wa ghorofa tatu hata kama leo mnamaliza moja.

Hatua ya 5: Piga hesabu mbele ya watu

Chukueni mfano huu mbadilishe namba kwa zenu. Tuseme fremu 12 kwa 100,000, hiyo ni 1,200,000 kwa mwezi. Vyumba 24 kwa 50,000, nyingine 1,200,000. Jumla 2,400,000. Toa asilimia 10 ya vyumba vitakavyokaa wazi au kodi isiyolipwa, inabaki 2,160,000. Toa mlinzi, taa za ngazi, usafi, matengenezo na kodi za serikali, tuseme 400,000, inabaki 1,760,000. Hiyo ndio hela ya kurudisha mkopo. Benki ikikwambia rejesho ni 1,500,000 mnapumua. Ikikwambia 2,200,000 mradi huo umekufa, na atakayewaokoa kwa kupandisha vyumba hadi 80,000 amewatoa watu wale wale mliowaandika kwa chaki. Punguzeni jengo, msipandishe kodi.

Hela zinatoka wapi? Ardhi yenu wenyewe ni mtaji, kila mwenye kiwanja anaingiza kipande chake na kupata hisa kulingana na ukubwa. SACCOS ya mtaa, yaani ushirika wa akiba na mikopo, inaweza kubeba michango na kuwapa wapangaji nafasi ya kuwekeza kidogo kidogo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haijengi jengo ila inafaa kujaza fremu, vikundi vikope mtaji wa bidhaa, mashine, friji. Ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata, kwa hiyo muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata utaratibu wa sasa. Mwekezaji naye sio adui, aje, ila aje akute orodha, ardhi iliyopangwa na hesabu hii.

Hatua ya 6: Fidia na mkataba, soma hapa mara mbili

Serikali ikitwaa eneo, kanuni za fidia za 2001 zinataka ulipwe thamani ya ardhi na jengo kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya malazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36, gharama ya kusafirisha mzigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, na faida ya biashara iliyopotea, nayo mara miezi 36. Hiyo ya biashara inadai ushahidi wa hesabu. Kwa hiyo mama wa duka anzeni kuandika leo, daftari la mauzo na manunuzi, risiti, leseni, kwa sababu mthamini akija hakuna atakachoandika kwa maneno matupu. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, hakikisha wamehesabu choo, ukuta, miti, tenki, piga picha ya fomu kabla ya kusaini.

Ila mtu binafsi akija kununua, hiyo sio fidia, ni biashara kati yenu, hakuna kanuni itakayokulinda zaidi ya mkataba wako. Na mpangaji katika njia zote mbili hapati thamani ya nyumba. Ndio maana haki yake iandikwe kwenye mkataba wa mradi kwa jina na namba ya mlango: atarudi, kwenye chumba cha ukubwa gani, kwa kodi gani, isiyopanda kwa zaidi ya kiasi gani kwa miaka mingapi, na asiporudishwa kwa tarehe fulani analipwa nini. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliorodheshwa, nyumba zilivunjwa, zikapita miaka mingi hadi jengo likafunguliwa Machi 2022, na kilichozirudisha kaya zile ni kwamba namba ile 644 ilijulikana na haikubadilika. Ila hiyo miaka ya kusubiri ilikuwa migumu, wazee wengine huwezi kuwaambia subiri kumi.

Wakili alipwe na mtaa, asilipwe na mwekezaji.

Hatua ya 7: Jenga kwa vipande, usivunje mpaka pa kuhamia papo

Gawanyeni mtaa vipande vitatu au vinne. Anzeni na eneo lenye watu wachache kabisa, jengeni hapo, wa kipande cha pili wahamie humo, vunjeni cha pili, hivyo hivyo. Hakuna mtu anayetoka nje ya mtaa, watoto hawabadilishi shule, wateja hawapotei. Inachukua muda zaidi na mkandarasi atalalamika, mwacheni alalamike, iandikeni kwenye zabuni toka mwanzo.

Kazi zitoke mtaani. Mtaa wa Hanna Nassif, Dar, miaka ya 90 wakazi wenyewe walichimba mifereji na kujenga njia kwa malipo, na ujuzi ulibaki kwao. Sisi tuna wagonga kokoto, wachonga mawe, waashi. Mkataba useme kokoto na mawe yatanunuliwa kwanza kwa watu wa mtaa, kwa ndoo iliyopimwa mbele ya watu wote.

Hatua ya 8: Baada ya funguo

Jengo lenye wamiliki wengi linaongozwa na Sheria Na. 16 ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mtu na sehemu yake, ngazi, paa na uwanja ni vya wote, na lazima kiwepo chama cha wamiliki. Wawekeni wapangaji wawili kwenye kamati yake. Mnaotaka kuuza sehemu zenu muwe mmekubaliana toka mwanzo kwamba chama kinapewa nafasi ya kununua kwanza, maana madalali watafika mlangoni wiki ile ile ya funguo na milioni chache taslimu, na mtu mwenye mtoto anayeenda sekondari ni rahisi sana kukubali.

Mahesabu ya mwezi yabandikwe chini ya ngazi, fremu kwa fremu, nani amelipa nani bado, taa kiasi gani. Mwezi wa tisa na mwezi wa pili, kabla mvua za vuli na masika hazijafika, watu wote watoke na majembe wazibue mifereji, kuanzia jabali la juu kabisa kushuka hadi barabarani, na kila penye mfuniko uliovunjika mtu wa kamati aandike namba ya mlango ulio karibu.